Mti wa Machame, Jua la Bomang'ombe

Januari ya kwanza ndani ya nyumba yetu, mwanga ulianza kuingia sebuleni kupitia katikati ya mlango uliofungwa. Ulikuwa uzi mwembamba wa jua, umesimama wima kwenye paneli ya juu, na kila ilipofika saa kumi na moja jioni ulichora mstari sakafuni hadi kwenye miguu ya meza. Wiki ya kwanza niliuziba kwa nta ya mshumaa. Wiki ya tatu sarafu ya shilingi 200 ilipita bila kugusa kingo. Mwezi ulipoisha paneli ilikuwa imepasuka kutoka juu hadi chini, na kila asubuhi nilifagia vumbi jekundu lililoingia usiku likajipanga kwenye zulia kwa umbo la ufa wenyewe.

Nililia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu mlango ule haukuwa bidhaa niliyonunua dukani.

Kwetu ni Machame, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Mimi ni binti, na kwa desturi ya Wachaga kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, hurithiwa na watoto wa kiume. Kaka zangu wana vyao, na mimi sikuwahi kugombana nao kwa hilo. Nilipomwambia baba kwamba nimeanza msingi Bomang'ombe, hakusema kitu. Alichukua fimbo yake akanipeleka nyuma ya migomba, kwenye mringaringa uliokuwa ukiipa kahawa kivuli tangu sijaanza shule. Kwenye tawi lake la chini kulikuwa na mzinga wa nyuki, umefungwa kwa waya ambao miaka mingi ilikuwa imeuzamisha ndani ya gome.

"Kihamba sina cha kukupa, mama," akaniambia. "Mti ninao. Katengeneze mlango."

Mlango ni kile kinachofunga nyumba, na mlango ni tawi la ukoo pia. Baba alifundisha Kiswahili miaka yote ya kazi yake. Alijua anasema nini.

Tukapata kibali cha kukata, mti ukaangushwa, ukapasuliwa mbao za inchi mbili na za inchi moja, zikapangwa chini ya paa la ghala zikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite. Zilikaa miezi saba. Fundi wa palepale kijijini, mtu wa mkono mzuri ambaye milango yake imejaa ukoo mzima, alitengeneza mlango mmoja mpana wa paneli nne, akaupaka vanishi nzito ya rangi ya damu ya mzee, tukaushusha kwenye pikapu mwezi Juni. Ulining'inia kwenye bawaba zake bila kukwaruza popote. Julai, Agosti, hadi Desemba, nilikuwa nikirudi kazini napitisha kiganja juu yake kabla ya kuingiza ufunguo.

Halafu ikaja Januari.

Kabla sijaeleza kilichotokea, lazima niseme kidogo kuhusu sehemu hizi mbili, maana wasiotoka huku hudhani Kilimanjaro yote ni migomba na ukungu. Upepo wenye mvua hutoka upande wa Bahari ya Hindi na kuumwaga mzigo wake kwenye miteremko ya kusini na kusini-mashariki ya mlima. Machame hunyeshewa, mifereji hutiririka, nguo zikifuliwa Julai hukaa kambani siku tatu. Ukishuka na barabara hadi Bomang'ombe, safari isiyomaliza hata nusu saa kwa gari, umeingia nchi nyingine. Migomba inaisha, migunga inaanza. Tambarare ya Sanya imefunguka mbele yako hadi KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na kuanzia Januari hadi masika yanapoanza kunyesha Machi, chamchela huzunguka uwanjani mchana kutwa kama watu wanaotafuta kitu walichopoteza. Anayejenga Kisongo au Makuyuni upande wa Arusha anaijua hali hii vizuri. Ni joto, lakini kinachoumiza zaidi ni ukavu wa hewa. Midomo hupasuka, visigino hupasuka, na mbao ni hivyohivyo.

Mpwa wangu amesomea Chuo cha Viwanda vya Misitu, kile cha Moshi mjini. Alikuja Jumapili moja na kifaa kidogo cha kupima unyevu wa mbao, chenye sindano mbili, akazichoma kwenye mlango, kisha tukapanda wote Machame akazichoma kwenye mbao zilizobaki pale ghalani. Za ghalani zilisoma asilimia 18. Za mlango wangu zilisoma 10.

"Shangazi," akasema, "fundi hakukuibia. Mbao zilikuwa zimekauka. Zilikauka kwa Machame."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Sisi tumezoea kugawa mbao makundi mawili, mbichi na kavu, kana kwamba ukavu una mwisho mmoja. Ubao haufanyi hivyo. Ubao hunywa na kutoa unyevu hadi ulingane na hewa iliyouzunguka, ukahamishwa, ukaanza upya. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, mbao hutulia karibu na asilimia 16. Hewa ikishuka hadi asilimia 50, mbao hushuka hadi kama 9. Mafundi wana kanuni ya zamani kwamba inchi moja ya unene hutaka mwaka mmoja wa kukaushwa na upepo, na ni kanuni njema. Lakini hata ningeziacha pale ghalani miaka kumi, zisingekauka kuliko hewa ya Machame. Zilihitaji kushuka huku na kukauka huku.

Sasa hesabu, ambayo naiweka hapa kwa sababu ingeniokoa kama ningeijua. Ubao haupungui urefu, au hupungua kidogo mno usione. Hupungua upana. Kwa mbao nyingi, kila asilimia moja ya unyevu inayotoka hupunguza upana kwa takriban moja ya tano ya asilimia hadi robo. Chukua paneli yenye upana wa sentimita 30. Ikitoka kwenye 18 hadi 10 imepoteza asilimia 8 za unyevu, kwa hiyo upana wake unataka kupungua kwa asilimia 1.6. Hiyo ni karibu milimita 5. Niliupima ufa wangu kwa rula ya mtoto: milimita 4 na nusu.

Zingatia neno "unataka". Ubao ukiachwa huru upungue, hupungua kimyakimya wala hakuna atakayejua. Fundi wa Machame alikuwa amezitia paneli gundi pande zote ndani ya fremu, kisha akazibana kwa misumari midogo kwenye mikanda ya pembeni. Kule juu, ambako hewa haibadiliki sana, mlango wa aina hiyo huishi miaka 30. Huku chini paneli ilivutwa na ukavu ikashikwa na gundi, na palipokuwa dhaifu pakaachia. Mlango wa paneli ulibuniwa tangu zamani kwa ajili ya tatizo hilihili: fremu nyembamba inashika umbo, na paneli pana inakaa ndani ya mfereji bila gundi wala msumari, ikivimba masika na kusinyaa kiangazi bila kumsumbua mtu. Ukiibana, umebakiza sura ya mlango wa paneli na kuondoa maana yake.

Hapo nilitaka kuachana na mbao kabisa, nataka nilikiri hilo pia. Majirani zangu wengi wana chuma, na jirani wa mkono wa kulia aliniambia kwa huruma kabisa, "Dada, huku mbao ni kujitesa." Fundi wa kuchomelea alikuja, akapima, akanitengenezea mlango wa shiti ya geji 16 kwenye fremu ya skwea paipu, akaupaka redoksaidi ya kuzuia kutu na juu yake rangi nyeusi niliyoichagua mwenyewe. Nilikaa nao miezi kadhaa, kwa hiyo nazungumza kwa uzoefu.

Chuma kina sifa zake. Hakinyonyi unyevu, hakipindi, mchwa hawana habari nacho, na katika ukavu wetu kutu hukichelewa sana ukilinganisha na Tanga au Dar es Salaam. Mlango wa chuma wa mita 2.1 ukipata joto la nyuzi 40 zaidi ya ulivyokuwa asubuhi, hurefuka kwa milimita moja tu. Kwa mtu ambaye nyumba yake inatazama kaskazini, ina baraza pana, na anachotaka zaidi ni usalama, simkatazi.

Yangu haitazami kaskazini. Inatazama magharibi, kwa kuwa barabara iko magharibi na kiwanja kilikatwa hivyo. Chuma cheusi kikipigwa na jua la alasiri hupita nyuzi 60 bila shida, na chuma chenye nyuzi 60 huunguza ngozi ndani ya sekunde chache. Mwanangu wa mwisho alishika kitasa akitoka shule, akaachia akiwa anapiga kelele. Usiku ndio ulionishinda zaidi. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara 300 kuliko mbao, kwa hiyo jioni yote upande wa ndani wa mlango ulikuwa ukitupulizia joto kama jiko lililofunikwa, na jua lilipozama chuma kikaanza kupoa na kujikunja, kikitoa milio ya "ta, ta" hadi saa mbili usiku. Tulikuwa tunahamisha viti mbali nao.

Kama lazima uwe chuma upande wa magharibi, basi rangi iwe nyeupe au krimu, siyo nyeusi wala kahawia iliyokolea, na shiti ziwe mbili zenye kitu cha kuzuia joto katikati. Ile milango ya chuma inayotoka nje ya nchi, iliyochapwa sura ya mbao, watu huipenda kwa urembo wake. Igonge kabla ya kuilipia. Mingi ndani ina karatasi iliyokunjwa kama sega la nyuki, inayoizuia isibonyee. Kuzuia joto inajitahidi kidogo tu. Na ile sura ya mbao ni picha iliyopakwa juu; jua la magharibi huifubaza, na huwezi kuipiga msasa ukaifufua.

Aluminiamu na kioo nitaipitia haraka. Aluminiamu hupitisha joto kuliko hata chuma, hutanuka karibu maradufu yake, na kioo huingiza jua lote sebuleni. Inafaa duka lenye kivuli. Milango ya plastiki ngumu hutanuka zaidi ya vyote: kwa joto lilelile la nyuzi 40 mlango wa mita 2.1 huongezeka kama milimita 6, na ukiwa wa rangi ya giza juani hukaribia kiwango ambacho plastiki yenyewe huanza kulegea. Milango ya flashi, yaani ile bapa iliyobandikwa plaiwudi, ni ya vyumba vya ndani. Ikiwekwa nje, gundi huachia na ngozi ya juu huanza kubanduka kona kwa kona.

Binamu yangu anaishi Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, mji uliojengwa jangwani ambako Julai joto huvuka nyuzi 40 mchana kwa mchana. Nilimpigia. Mlango wake ni wa faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa pamoja kwa resini, na katikati umejazwa povu gumu. Haunywi unyevu, hutanuka kidogo sana, na lile povu huzuia joto vizuri. Kwa maelezo yake yote, kwa nchi kavu na ya moto huo ndio mlango wa kukaa nao bila wasiwasi, isipokuwa rangi ya juu hurudiwa kila baada ya muda kwa sababu jua huila. Aliniambia jambo jingine ambalo sikulitegemea: kule watengenezaji huonya usiweke mlango wa pili wa kioo mbele ya mlango mkuu unaopigwa na jua, maana joto hunaswa kati ya ile miwili na kuharibu ule wa ndani. Nilikuwa na mpango huohuo. Faibaglasi yenyewe sikuikuta kwenye maduka niliyozunguka Moshi wala Arusha, na kuagiza mlango mmoja kutoka ng'ambo kwa ajili ya nyumba ya Bomang'ombe kulikuwa nje ya uwezo wangu.

Basi nikarudi kwenye mbao, safari hii nikiuliza maswali.

Ukimuuliza fundi yeyote wa Kaskazini mbao bora ya mlango, atasema mninga kabla hujamaliza swali. Ana haki. Mninga hucheza kidogo sana unyevu unapobadilika, mchwa hawaupendi, na unapigwa randa ukatoka laini. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi. Mtiki, ambao Wajerumani waliuleta nchini na leo hupandwa Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro, una mafuta yake yenyewe ndani yanayousaidia dhidi ya maji na wadudu. Paini na mkrismasi za mashamba ya West Kilimanjaro ni nafuu na zipo karibu, lakini nje hazivumilii bila dawa na rangi, na mchwa wa tambarare hii huzila wakiimba.

Kuhusu mninga na mkongo nina neno. Hiyo ni miti ya misitu ya miombo, ya Tabora na kuendelea magharibi na kusini, na huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa. Mwaka 2022 mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliofanyika Panama uliiingiza mininga na mikongo ya Afrika kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Hilo halimkatazi Mtanzania kununua ubao wa mninga uliovunwa kwa leseni. Linamkumbusha aulize karatasi. Mimi naona ni aibu mlango wa mbele, mahali unapomkaribishia mgeni, uwe wa mti ulioibwa usiku.

Mringaringa hauna jina kubwa kama hiyo. Ni mti wa nyumbani, wa mizinga, wa vyombo vya pombe na viti. Ubao wake ni mwepesi kiasi, unakauka bila kupindapinda, na kiini chake huvumilia kwa namna ya kuridhisha ukikingwa na mvua. Na ghalani kwa baba kulikuwa bado na mbao sita.

Tulizishusha Mei, tukaziingiza ndani ya nyumba yangu, chumba cha wageni, zikapangwa kwa vijiti mbali na dirisha. Mpwa wangu alinifundisha kupima bila kifaa chake. Nilikata kipande kutoka katikati ya ubao mmoja, siyo mwisho maana miisho hukauka mapema na kudanganya, nikakiweka kwenye mizani ya jikoni kila Jumamosi na kuandika ukutani kwa penseli. Kilianza gramu 1,240. Kikashuka, kikashuka, kikapunguza mwendo. Mwishoni mwa Septemba kilisoma 1,155, Jumamosi iliyofuata 1,155, na ya tatu vilevile. Hapo hewa ya Bomang'ombe na ubao walikuwa wameelewana. Mizani ya jikoni! Kifaa nilichokuwa nacho siku zote kwa ajili ya unga na maandazi.

Miezi hiyo ya kungoja niliitumia kulitazama jua, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini hili ndilo ambalo watu hawaulizi na ndilo kubwa kuliko mbao na chuma.

Sisi tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana hukaa karibu na utosi mwaka mzima. Juni huegemea kaskazini, Desemba huegemea kusini, na hata likiegemea kiasi gani bado huwa juu ya nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Kwa hiyo mlango unaotazama kaskazini au kusini ni rahisi kuukinga: paa likitokeza sentimita 90 juu yake, kivuli hushuka zaidi ya mita moja na nusu katika saa zile kali. Mlango wa magharibi haukingwi hivyo. Saa kumi na nusu, saa mbili kabla ya kuzama, jua liko kama nyuzi 30 tu, linakutazama usoni. Paa langu lilitokeza sentimita 60. Katika saa hiyo kivuli chake, hata kama ukingo wa paa ungekuwa sawasawa na kichwa cha mlango, kinashuka sentimita 35. Mlango una mita 2.1. Nilisimama nje na futi kamba nikaona mstari wa kivuli ukiwa umekata kwenye kidirisha cha juu, na chini yake pote jua.

Mashariki nako jua huja kwa chini vilevile, ila hukuta hewa na kuta bado zimepoa. Magharibi hukuta kila kitu kimeshachemka. Anayeanza kuchora ramani leo, kama kiwanja kinamruhusu, augeuze mlango kabla hajachagua umetengenezwa kwa nini.

Mimi nilishajenga. Niliongeza baraza la mita mbili, na hata hilo hesabu ilinionyesha kwamba saa kumi na nusu kivuli kingefika kama mita 1.15 tu. Dhidi ya jua la chini kinachofaa ni kitu kilichosimama. Tukajenga mbele ya baraza, upande wa mlango, ukuta mfupi wa matofali ya matundu, unaopitisha upepo na kukata miale. Mgeni anauzunguka kushoto ndipo afike mlangoni. Tangu siku ulipokauka, sebule ilibadilika hata kabla ya mlango mpya kuwekwa.

Mlango wenyewe tuliutengeneza Oktoba, hapahapa uani, kwa fundi wa Bomang'ombe. Nilimwomba vitu vichache na alivisikiliza bila kununa. Uwe wa mabawa mawili, moja pana na moja jembamba, ili kila bawa liwe na mbao za upana mdogo na uzito mdogo wa kuvuta bawaba. Hilo la mabawa mawili nililiona kwenye milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ingawa kule hewa ya bahari hubaki na unyevu mwaka mzima na mbao hazina safari ndefu ya kwenda na kurudi kama huku. Paneli ziwe sita ndogo badala ya nne kubwa. Zikae ndani ya mfereji wa milimita 12, bila gundi, zikiachiwa nafasi ya milimita 3 kila upande. Viungo vya fremu viwe vya ulimi na tundu, vipigwe hadi vitokeze upande wa pili na kukazwa kwa kabari.

Na kabla ya kuunganisha, kila paneli ipakwe pande zote na kingo zote, hata zile zitakazofichwa kwenye mfereji. Watu hupaka uso wa nje mara tatu wakauacha ukingo wa chini mtupu, halafu ubao hunywa na kutoa unyevu kupitia pale na kupinda kuelekea upande mmoja. Vanishi niliikataa. Vanishi ni ngozi juu ya ubao. Jua hupenya, huharibu ile gundi ya asili iliyo usoni mwa mbao, ngozi inakosa pa kushika na kuanza kumenyuka kama magamba. Ikifika hapo dawa ni kuipangusa yote kwa msasa. Tulitumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yanayozama ndani, yenye rangi ya udongo iliyochanganywa kidogo maana chembe za rangi ndizo zinazozuia mionzi. Mafuta yana kazi: kila mwaka kabla ya Krismasi, watoto wakiwa likizo, tunaupangusa vumbi na kuupaka tena. Inachukua asubuhi moja. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vianikwe vimekunjuliwa au vilowekwe majini, visirundikwe, kwani rundo lake huweza kuwaka lenyewe.

Kile chuma cheusi hakikupotea. Fundi wa kuchomelea alikata shiti, akabakiza fremu, akaifanya grili iliyotangulia mlango wa mbao, akaipaka nyeupe na kuitandazia wavu wa mbu. Jua likishazama tunafunga grili na kuacha mbao wazi, upepo wa mlimani unaingia. Chini ya mlango tuliweka kizingiti cha zege na ukanda wa mpira kwa ajili ya vumbi.

Januari ikaja tena. Nilikuwa naamka nautazama kabla sijawasha jiko. Kwenye kila paneli, pembeni kabisa, kulitokea mstari mwembamba wa rangi iliyofifia kidogo, milimita moja hivi, sehemu ya paneli iliyokuwa imejificha mferejini na sasa imechungulia. Paneli zilikuwa zinasinyaa, kama zilivyopaswa. Hakuna iliyopasuka. Aprili mvua ziliponyesha mistari ile ikaingia ndani ikapotea.

Baba alikuja Februari iliyofuata, amepakiwa na kaka yangu mkubwa. Alizunguka ukuta wa matundu polepole na fimbo yake, akafika mbele ya mlango uliokuwa wazi, akasimama.

"Hodi humu."

"Karibu, baba. Shikamoo, pita."

Hakupita. Alikuwa ameinama kwenye paneli ya pili ya bawa pana, ambako ubao una doa jeusi lililopinda kama mwezi mchanga. Kwenye mlango wa kwanza vanishi ilikuwa imezifunika alama zote za aina hiyo. Kwa mafuta inaonekana wazi. Ni kutu iliyoingia kwenye mti ungali hai. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena, akaweka kidole gumba juu ya lile doa na kulifuata hadi lilipoishia.

"Huu ni ule waya," akamwambia kaka yangu. "Hapa ndipo nilipofunga mzinga, mwaka aliozaliwa huyu."